Kiingereza cha Kutoa Pole

Mmeniomba niandike, ninyi mliobaki idarani, na kwa kuwa nimestaafu juzi tu sina kisingizio cha kukataa. Asubuhi zangu sasa ni za kuku na mchicha hapa nyumbani Kibaoni, na kuku hawahitaji Kiingereza. Mambo ya vyeo na mishahara nitayaacha. Anayevitafuta atavipata, na akivipata aje aniambie kama vina utamu wowote. Nitaandika kazi yenyewe, yaani kuwafundisha Kiingereza wageni waliokuja kwenye chuo kikuu chetu kusomea mambo ya afya, katika mji ambao mtu anaweza kuzaliwa, kuugua, kupona, kuoa na kuzikwa bila kuhitaji neno moja la Kiingereza.

Siku yangu ya kwanza mvua ilinyesha tangu alfajiri. Chumba tulichopewa kilikuwa nyuma ya wodi, karibu na mahali pa kufulia mashuka, na paa lake lilikuwa la bati tupu bila dari. Wanafunzi walikuwa wachache: Warundi, Wakongo, Wamsumbiji wawili, Mkomoro mmoja na kijana mrefu kutoka Sudan Kusini aliyelazimika kuinama mlangoni. Mimi nilikuja na kitabu cha kisasa chenye picha ya uwanja wa ndege kwenye jalada. Somo la kwanza lilihusu kuagiza chumba hotelini. Nilifungua mdomo, nikasema habari za asubuhi kwa Kiingereza, na hakuna aliyesikia hata mkia wa sauti yangu, maana mvua ilikuwa juu ya bati na bati lilikuwa juu ya vichwa vyetu.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Mkwaila. Huyu alikuwa Mpogoro wa Mahenge, mwembamba, aliyefundisha sekondari miaka mingi kabla ya kuja chuoni, na alivaa tai kila siku ya Mungu katika joto la Ifakara bila kueleza kwa nini. Alikuwa amekaa nyuma kunitazama. Alipoona nimekwama aliinuka, akavuta kiti katikati ya chumba, akakaa, akajishika tumbo na kuanza kuugulia kwa sauti. Wanafunzi walimwendea mmoja mmoja. Ilibidi kila mmoja ainame, aweke mdomo karibu na sikio la mzee, amuulize kwa Kiingereza panapouma, kisha atege sikio lake apate jibu. Mvua ilipokatika somo lilikuwa limekwisha, na kila mtu alikuwa amezungumza. Kitabu changu cha uwanja wa ndege nilikirudisha kabatini, na kwa nijuavyo bado kiko huko, kimeliwa na mchwa hadi kwenye mapokezi ya hoteli.

Tangu siku hiyo kifaa chetu kikuu kilikuwa kile kiti. Ninyi mna spika na picha za ukutani zinazowaka, nami sizidharau, lakini masika umeme ukikatika na chaki ikalegea kwa unyevu, mtarudi kwenye kiti. Mtu mmoja anakaa, anaumwa. Mwingine anakuja, anauliza. Mwalimu Mkwaila alinifundisha kutomkatiza mwanafunzi akiwa katikati ya swali, hata kama sentensi yake inachechemea, kwa sababu mgonjwa naye hakatizi. Utamrekebisha baadaye, mkiwa wawili, na umwanzie kwa alichofanya vizuri.

Adui yetu mkubwa, mkitaka kujua, alikuwa Kiswahili. Tuliwaleta wageni wajifunze Kiingereza, wakaenda sokoni. Mmsumbiji ambaye darasani hakuweza kutaja siku za wiki alikuwa, kabla Pasaka haijafika, anapatana bei ya samaki aina ya kitoga na wavuvi wa mto Kilombero na kuchagua mchele wa Mchombe kwa kuunusa. Alinikuta njiani akanipa shikamoo iliyonyooka kuliko ya watoto wangu mwenyewe. Mwenzetu mmoja alipendekeza tuwapige marufuku kusema Kiswahili chuoni. Mwalimu Mkwaila alicheka mpaka tai ikamkaa pembeni.

"Mwanangu, mtu anayeongea na wenzie hajapotea," alisema. "Waache waende sokoni. Sisi tuwatafutie watu ambao hawawezi kuongea nao ila kwa Kiingereza."

"Watu gani hao, Mwalimu? Ifakara hii?"

"Wao kwa wao."

Basi tukapanga vitanda upya bwenini. Hakuna wawili wa lugha moja waliolala chumba kimoja, wala kukaa dawati moja, wala kupika zamu moja. Wiki mbili za kwanza walinuna. Kisha ikabidi mmoja aulize ni nani aliyechukua ndoo, na mwingine ajitetee, na ugomvi wa ndoo ukafanya kazi ambayo mihadhara yangu ilishindwa kufanya. Utaratibu huo mnauona mpaka leo, na wapya huwa wanadhani ulitoka kwenye semina ya wakubwa.

Yule kijana wa Sudan Kusini, Deng, ndiye aliyekuwa kesi yangu ngumu ya kwanza. Aliandika vizuri, lakini hakusema. Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikampa kiti cha mgonjwa, akakaa hapo kimya kama mgonjwa aliyekwisha kukata tamaa. Nilikuwa tayari kumwandikia kwamba hafai. Mwalimu Mkwaila akaniuliza kama nimewahi kumwona kijana yule akitazama kitu kwa hamu. Nikakumbuka kwamba kila ng'ombe wa Wasukuma walipopita nyuma ya uzio wa chuo, Deng aliacha kuandika. Jumamosi moja tulimpeleka nje ya mji kwa mzee mmoja Msukuma mwenye zizi kubwa. Deng aliingia katikati ya ng'ombe, akashika pembe, akatazama rangi, akageuka na kuanza kunieleza kwa Kiingereza habari za kila ng'ombe aliyekuwa mbele yetu, na wa nyumbani kwao ambao hawakuwepo. Mzee wa Kisukuma hakujua neno, lakini aliitikia kila kitu. Jua lilituunguza sote watatu, na Mwalimu Mkwaila hakulegeza tai.

Mzee Mkwaila alipostaafu na kurudi Mahenge, alinikabidhi kiti kwa maneno machache tu: "Sasa mgonjwa ni wewe." Nikawa mgonjwa. Nimeugua kila ugonjwa uliomo kwenye mtaala wa chuo, na mimba nimebeba nyingi kuliko nilizozaa. Nimevunjika miguu, nimeng'atwa na nyoka wa mashamba ya mpunga, nimeletwa hospitali kwa treni kutoka Chita nikiwa sijitambui. Kazi hiyo haikunichosha kamwe. Iliyonielemea ni nyingine, iliyokuja na mtaala mpya, ya chumba ambacho wanafunzi walikiita Chumba cha Pole.

Nieleze, kwa ajili ya wale ambao hawajakisimamia. Mtihani wa mazungumzo una vyumba kadhaa, na cha mwisho ni hicho. Mwanafunzi anaingia kama muuguzi. Ndani amekaa ndugu wa mgonjwa, ambaye huigizwa na mwalimu, na pembeni yupo msahihishaji kutoka nje ya chuo. Ndugu anasema nimekuja kumwona mgonjwa wangu fulani. Huyo fulani anamchagua mwigizaji mwenyewe. Kazi ya mwanafunzi ni kumwambia, kwa maneno yaliyo wazi, kwamba mgonjwa amefariki. Kisha akae, anyamaze kidogo, halafu aulize kama nyumbani kuna mtu wa kukaa naye. Kadi ya mwigizaji inamtaka ajibu kwamba hana, yuko peke yake, ili ionekane mwanafunzi atafanya nini.

Mwaka wa kwanza wa chumba hicho karibu darasa zima lilianguka. Si kwamba maneno hawakuwa nayo. Waliingia, wakanisalimu vizuri, wakasema hali ya mgonjwa si nzuri sana, wakaniomba nikamwite mjomba au mtu mzima wa ukoo. Warundi, Wakongo, Wamsumbiji, wote njia moja, kama vile wamelelewa nyumba moja. Msahihishaji aliandika kwamba wanafunzi hawa wanawadanganya ndugu wa wagonjwa. Nilitamani kumwambia kwamba hata sisi hapa bondeni hatumtupii mtu kifo usoni. Ukifiwa ukiwa mbali, hawakupigii wewe simu. Wanampigia aliye karibu nawe, naye anakusogezea watu kwanza, na ukishakaa katikati yao ndipo mtu mzima anapofungua kinywa. Huo si uongo. Lakini mtihani ni mtihani, na wanafunzi wangu walikuwa wanaenda kusoma kwa Kiingereza na kufanya kazi na watu wasiojua desturi hiyo. Nikawafundisha sentensi iliyonyooka. Nikawaambia desturi zao wazitunze, ila sentensi hii nayo waweze kuitamka siku itakapohitajika.

Sasa nifike kwa Esperansi, maana ndiye aliyenifanya nikubali kuandika.

Esperansi alikuwa muuguzi kutoka milimani Burundi, mwanamke wa makamo, mwenye kicheko alichokiziba kwa kiganja. Alikuwa ameacha watoto wake watatu kwa mama yake ili aje asome. Mwaka wake wa kwanza alianguka mtihani wa Kiingereza, na akaanguka hapohapo, Chumba cha Pole. Wafadhili wake walimruhusu arudie mara moja tu. Akishindwa tena anarudi nyumbani, na nafasi ya kusoma shahada imekwenda. Mwaka mzima alikuja kwangu jioni, tukakaa barazani, tukarudia. Alikuwa anaweza kila kitu ila sentensi ile. Akiifikia alikohoa, akatazama pembeni, akaomba maji.

Siku moja kabla ya mtihani, nikiwa ofisini, simu iliita.

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kaka yake Esperansi, nafanya kazi Kigoma huku. Uko peke yako?"

Aliponiuliza hivyo nilijua. Nikafunga mlango.

"Marahaba, baba. Sema tu."

"Mama ametutoka jana. Tunazika kesho asubuhi, hawezi kuwahi hata angepaa. Watoto wako salama, wapo kwa dada yetu mkubwa. Mwalimu, mama mwenyewe alituachia neno, kwamba asiambiwe mpaka amalize mtihani. Simu yake tumeambizana wote tusiipigie. Tunakuomba."

Nilimwambia sipendi. Nilimwambia mtu ana haki ya kujua siku anayozikwa mama yake. Akasema, "Mwalimu, hilo ndilo neno la mwisho tulilosikia kwake. Tulivunje sisi?" Nikakubali.

Nilikwenda kwa mkuu wa idara, kijana mwelewa, nikamweleza. Alikuna kichwa. Kuahirisha hakuwezekani, kwani msahihishaji alikuwa ameshafika na kikao kilikuwa kimoja tu kwa mwaka. Alichoweza ni kumweka Esperansi wa mwisho, ili akitoka asiwe na jingine la kufanya. Akaniuliza kama nataka mwalimu mwingine akae kwenye kiti changu.

"Hapana," nilisema. "Kama lazima aiseme sentensi ile kesho, aiseme mbele yangu."

Tukapanga kwamba akimaliza nimchukue mimi mwenyewe hadi kwangu Kibaoni, aambiwe hapo akiwa na watu. Wenzake wa bwenini niliwaita pembeni mmoja mmoja nikawaambia, kwa kuwa wangekuwa ndio ndugu zake wa karibu. Niliwaapisha wasimwambie. Na kweli, hakuna aliyesema neno.

Kosa letu lilikuwa jingine. Tulificha maneno, tukasahau kuficha adabu. Jioni ile redio ya bweni haikuwashwa. Mkongo mmoja, ambaye kila siku alimtania Esperansi kuhusu ugali wake, alimtekea maji bila kuombwa na kumpisha kwenye foleni. Asubuhi wasichana walivaa khanga kiunoni, sijui hata kama walijua wanafanya hivyo. Uji wake aliukuta umeshamiminwa, na aliyemletea hakumtazama machoni. Mtu aliyekulia nchi zetu hizi hahitaji zaidi ya hapo. Niseme mapema kwamba alifaulu, maana najua kuna watakaoruka mistari kutafuta matokeo. Lakini aliyeingia katika chumba changu mchana ule tayari alikuwa amebeba swali kifuani.

Wanafunzi wote waliotangulia niliwaambia nimekuja kumwona mama yangu. Ni neno jepesi, nami hulitumia siku nzima ili wote wapimwe kwa kipimo kimoja. Na wanafunzi, kama mjuavyo, hata uwawekee mlinzi, akitoka mmoja anamnong'oneza anayefuata. Esperansi alikuwa ameshaambiwa kwamba humo ndani mgonjwa ni mama. Mimi nililijua hilo, na bado zamu yake ilipofika ulimi ulinigomea.

Aliingia amevaa gauni jeupe la kazi, akasalimu, akaketi. Alinukia sabuni. Msahihishaji, bwana mmoja mpole mwenye miwani, alifungua ukurasa mpya.

"Nimekuja kumwona mgonjwa wangu," nilisema kwa Kiingereza. "Jirani yangu. Amelazwa wodi ya wanawake."

Esperansi alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mwanafunzi. Hakutazama pembeni, hakukohoa, hakuomba maji. Nje hapakuwa na kelele, na hilo nalo nilijua analisikia, kwa sababu miaka yote waliomaliza humsubiri wa mwisho mlangoni kwa vigelegele na soda, na siku ile mlangoni hapakuwa na mtu. Uso wake ulibadilika polepole, jibu likamfikia. Nilishika pindo la khanga yangu chini ya meza. Nilitaka kusimama na kusema mtihani umekwisha. Lakini yeye aliinua mkono kidogo tu, kama muuguzi anavyomtuliza mtu asiinuke kitandani, akavuta kiti chake karibu na changu.

"Ninasikitika," alisema kwa Kiingereza, na kila neno lilitoka zima. "Nina habari mbaya sana. Mama amefariki."

Hakusema jirani. Msahihishaji aliinua kichwa, akatazama kadi, akarudi kuandika.

Nilijua ananiuliza. Nikaitikia kwa kichwa.

Alinyamaza, kama nilivyomfundisha. Nimesimamia chumba kile miaka mingi, na ukimya wa mtihani naujua. Mwanafunzi huwa anahesabu moyoni ili aendelee. Huu haukuwa huo. Alikuwa ameshika mkono wangu kwa mikono yake miwili, na machozi yalikuwa yangu, si yake. Naona aibu kidogo kuliandika hilo, kwamba mwalimu ndiye aliyelia kwanza, lakini ndivyo ilivyokuwa. Msahihishaji alidhani ninaigiza vizuri.

Kisha Esperansi akainua uso. Swali moja lilikuwa limebaki, na hapo ndipo alipoanguka mwaka uliopita, kwa sababu hakulifikia. Akaniinamia, kwa sauti ileile ya kumwuliza mtu ambaye kweli amefiwa na kweli yuko mbali na kwao.

"Nyumbani," aliuliza, "kuna mtu wa kukaa na wewe?"

Kadi yangu ilinitaka niseme hapana, niko peke yangu.

"Wapo," nilimjibu. "Wapo wengi. Wako kwangu Kibaoni, darasa lako lote na akina mama wa jumuiya. Mikeka imetandikwa tangu asubuhi. Wanakungoja wewe."

Hapo ndipo alipolia.